Nusu ya Kilimia Haipo

3 Novemba

Mdogo wangu Miwani,

Usishtuke kuona barua. Wifi yako ndiye aliyeniwekea karatasi na kalamu mezani, akasema, "Nyie mkipigiana simu mnagombana hata salamu hazijaisha. Andikeni." Basi naandika. Tangu mazishi ya baba hatujawahi kuongea zaidi ya dakika mbili bila mmoja wetu kukata simu. Sisemi ni nani hukata, ingawa tunamjua.

Huku tu wazima. Bado naendesha tanki la mafuta, siku nne barabarani, tatu nyumbani. Gereji bado wananiita Breki, ingawa walionipachika jina hilo wengi wao wameshastaafu.

Nina shida moja. Jirani yetu mmoja, mwalimu wa fizikia, amehama, na kabla ya kuondoka aliniuzia darubini yake. Ni bomba nene jeupe, lenye kioo cha sentimita ishirini ndani na urefu wa mita moja, linazunguka juu ya kigoda cha mbao. Lilikuja na lenzi moja tu ya jicho, ya milimita sita. Kutazama kwa hiyo ni kama kuchungulia kwenye tundu la ufunguo. Mwezi wenyewe hauenei. Naona shimo moja, nikikohoa limeshakimbia.

Nataka lenzi inayokuza kidogo lakini yenye uwanja mpana. Nataka nikielekeza kwenye Kilimia, lile kundi la nyota, nikione chote kwa mkupuo, kama ninavyoiona barabara kupitia kioo cha mbele cha lori. Wewe unashinda duka la miwani, unawajua wauza lenzi. Nitafutie ya bei ya mtu wa kawaida. Nimesikia kwamba namba ikiwa kubwa na uwanja unapanuka, kwa hiyo leta ya milimita arobaini. Usije ukaleta nyingine halafu ukaniambia unajua zaidi.

Kaka yako,
Breki

*

14 Novemba

Kaka Breki,

Nimefurahi kuuona mwandiko wako, pamoja na ule mstari wa simu.

Lenzi iko ndani ya soksi, soksi iko ndani ya boksi. Si ya arobaini. Kabla hujalirusha boksi ukutani, soma kwanza.

Tundu la kutilia lenzi kwenye darubini kama yako ni la inchi moja na robo. Hilo ndilo linaloamua. Ukiweka ya milimita arobaini kwenye tundu kama hilo, shingo ya lenzi inaikata picha, unabaki na kiduara kidogo katikati ya weusi. Anga haliongezeki hata chembe. Tena mwali unaotoka kwenye lenzi kuja jichoni ungekuwa na upana wa milimita nane, na mboni ya mtu wa miaka hamsini na minne haifunguki hivyo hata ukimfungia kabatini. Mwanga unaobaki ungeishia kwenye kope.

Nilikwenda na lenzi tatu kwenye chama cha watazama nyota cha hapa mjini, wana darubini kama yako. Ya kwanza, ya thelathini na mbili, ni safi na rahisi, ila unaona kama umesimama mbali na dirisha. Ya pili ilijisifu kwamba ina uwanja wa digrii themanini, na bei yake ya chini ilinifanya nitabasamu. Pembeni kila nyota ilikuwa imeota mabawa. Ya tatu ndiyo hiyo. Milimita ishirini na nne, digrii sitini na nane. Kwenye ukingo kabisa nyota zinavimba kidogo, sikufichi, hapo ndipo bei nafuu inapojionyesha. Lakini Kilimia chote kinaingia, na nafasi inabaki. Utaona ukingo wa duara ukikuzunguka pande zote, kama umepenyeza kichwa dirishani.

Msalimie wifi.

Mdogo wako,
Miwani

*

23 Novemba

Miwani,

Nilijua.

Nilikuambia arobaini, ukaleta ishirini na nne. Nilikuambia uwanja mpana, ukaniletea mhadhara juu ya mboni yangu. Sasa nisikilize mimi. Juzi, baada ya chakula, anga lilikuwa safi, nikaitoa darubini uani. Wifi yako alizima taa zote. Nikaielekeza kwenye Kilimia. Nusu ya Kilimia haipo.

Sizungumzii kuvimba ukingoni. Nyota za upande wa kulia hazipo, na za chini pia hazipo. Anga tupu, jeusi, safi kama hakujawahi kuwa na kitu. Huo ukingo wa duara uliouandika kwa mbwembwe sikuuona upande wowote. Na hii lenzi ina ugonjwa wa ajabu. Nyota ya pembeni nikiifuata kwa jicho, nikaitazama yenyewe, ipo. Nikirudisha jicho katikati, imepotea. Ni takataka. Ndani kutakuwa na kioo kilichokatika au gundi imemwagika.

Wewe ni fundi wa macho, unashika lenzi kila siku ya Mungu, na umeshindwa kumchagulia kaka yako kitu kimoja kizima. Au wateja wanapata nzima, ndugu tunapata zilizobaki? Nilimwambia wifi yako kwamba ningenunua mwenyewe hata kwa kufumba macho ningepata nzuri kuliko hii.

Nataka nyingine, na nataka uniandikie kwamba ulikosea.

Breki

*

30 Novemba

Kaka,

Jana nilikuwa nimeshaandika ukurasa wa matusi ya heshima. Nilikuuliza kama hata tanki lako huwa unalilaumu ukikosea njia. Nilikukumbusha kwamba nilisimama kwenye baridi kwa saa mbili kwa ajili ya lenzi yako, miguu ikafa ganzi. Ukurasa huo nimeuchana, kwa sababu nilipoisoma barua yako mara ya pili nilikwama kwenye mstari mmoja na mpaka sasa sijatoka hapo.

Umesema nyota ya pembeni ukiitazama yenyewe ipo, ukirudisha jicho katikati inapotea.

Kaka, lenzi haijui unatazama wapi. Kama ingekuwa na kioo kilichokatika, nyota ile isingekuwepo hata uifuate namna gani. Lenzi imekaa palepale. Kitu kilichogeuka ni jicho lako.

Nakuomba ufanye mambo matatu, na unijibu kweli. Kwanza izungushe lenzi ndani ya tundu lake, nusu mzunguko. Kama kasoro ni yake, penye utupu patazunguka nayo. Pili tazama kwa jicho la kushoto, maana najua wewe hutumia la kulia. Tatu, mwite wifi atazame yeye, usimwambie chochote, akuambie anaona nini.

Najua utakasirika kwa hili linalofuata. Baba alikuwa fundi wa nguo miaka thelathini, na mwaka mmoja alishona mkono wa koti nje ndani, sote tukacheka. Kisha akaanza kugonga milango kwa bega. Tukasema uzee. Ilikuwa presha ya macho, na alipopelekwa kwa daktari kulikuwa kumebaki tundu dogo la kuonea, halafu nalo likaziba. Ugonjwa huo hukaa kwenye ukoo. Hauumi. Hautoi taarifa. Unakula pembeni kwanza, na ubongo unapaziba vizuri sana, mtu anaamini anaona kila kitu. Mimi napimwa kila mwaka. Nilikuambia upimwe siku tulipomzika, ukasema namtangaza baba mbele ya watu, tukakosana mpaka leo. Sikukosea siku ile kwa nilichosema. Labda nilikosea mahali pa kukisema.

Kapimwe. Unaendesha lita elfu thelathini za mafuta.

Miwani

*

9 Desemba

Miwani,

Umeomba mambo matatu, nimefanya matatu. Lenzi nimeizungusha, na penye utupu pamezunguka nayo. Jicho la kushoto nimetazama, ni vilevile. Wifi yako ametazama, naye ameona vilevile. Lenzi ni mbovu. Mjadala umekwisha.

Habari za baba usiniandikie tena. Baba alikuwa na miaka sabini. Mimi nina leseni safi, nina miaka ishirini na saba barabarani, na naona kisahani cha kasi bila miwani, wakati wewe unayewapima wenzako umevaa vioo vinene kama chini ya chupa. Kazi yako imekuharibu. Fundi viatu akikutana na mtu hutazama miguu, na wewe kila mtu unamwona kipofu.

Lete lenzi nyingine au uache.

Breki

*

12 Desemba

Wifi yangu,

Nakuandikia nikiwa shuleni, watoto wa chekechea wamelala. Mwenye nyumba hajui, nami sijazoea kumficha kitu, kwa hiyo vumilia nikiandika ovyo.

Alinisomea barua aliyokutumia kabla ya kuifunga. Alinisomea kwa sauti kubwa kana kwamba mimi ndiye wewe. Alipofika pale aliposema nimeona vilevile, nikamwambia, "Baba, mimi sikuona vilevile." Akaendelea kusoma.

Niliyoona ni haya. Aliniita, akasogea pembeni, akasema tazama. Nikaona nyota nyingi, kama mtu amemwaga chumvi kwenye kitambaa cheusi, zimejaa kulia, kushoto, juu na chini, na duara likizizunguka zote. Nikasema, "Mbona ni nzuri hivi?" Akauliza, "Kulia kuna nini?" Nikamwambia, "Kuna tatu kubwa na ndogo nyingi." Akainama akatazama kwa jicho la kulia, kisha la kushoto, kisha la kulia tena. Alirudia hivyo kama mara sita. Halafu akasema umande umeanza, akaingiza darubini ndani. Usiku huo hakula vizuri.

Wifi, kuna jingine. Septemba, alipokuwa anakata kulia kuingia bohari, aligonga mtu wa baiskeli. Ni mpeleka mikate. Hakufa, alivunjika mtulinga na bega likateguka. Polisi waliandika kwamba mwenye baiskeli ndiye aliyetokea ghafla, kwa sababu kaka yako ndivyo alivyosema, na kaka yako wanamheshimu. Mimi nilimwamini. Mpaka usiku ule wa nyota nilimwamini. Siku hizi nikiwa upande wake wa kulia mezani nampa chumvi, haoni mkono wangu mpaka niseme.

Nimemwambia asiendeshe. Akanijibu nisimfundishe kazi. Nina hasira naye kiasi kwamba nikifua mashati yake nayakamua kama yamenikosea. Wewe anakuogopa kidogo. Fanya jambo.

Wifi yako

*

15 Desemba

Kaka,

Umenidanganya. Usitafute aliyeniambia, mwandiko wako wenyewe umekushitaki. Kama penye utupu pangezunguka na lenzi, usingekuwa na haja ya kupaaza sauti.

Nimeambiwa pia kuhusu mtu wa baiskeli. Kulia. Ulikuwa unakata kulia.

Ningependa kukubembeleza lakini nimechoka, na barabarani kuna watu ambao hawajui kwamba mimi na wewe tunabembelezana. Ninakupa siku kumi. Nenda kwa daktari wa macho, mwambie akupime presha na uwanja wa kuona, macho yote mawili, na unitumie karatasi. Usipofanya hivyo nitamwandikia meneja wako wa usafirishaji. Sitakwenda kwa mlango wa nyuma. Nakala nitakutumia wewe.

Mdogo wako

*

29 Desemba

Kwa Meneja wa Usafirishaji,

Mimi ni fundi wa miwani, na ni dada wa tumbo moja na dereva wenu mnayemwita Breki. Nina sababu za kuamini kwamba haoni vizuri pembeni, hasa upande wa kulia. Baba yetu alipofuka kwa presha ya macho. Kaka yangu ana dalili zilezile na amekataa kupimwa.

Naomba apimwe na daktari wa macho kabla ya safari yake ijayo. Kupima herufi ukutani hakutoshi, herufi atazisoma zote. Apimwe uwanja wa kuona kwa mashine.

Yeye ni dereva mwaminifu kwenu, na najua barua hii inaweza kumharibia kazi. Nimeiandika nikijua hivyo.

Nakala: kwa kaka yangu.

*

11 Januari

Wewe,

Jumatatu saa moja asubuhi nilikuwa nimeshakagua matairi. Meneja akaja uani mwenyewe, barua yako mkononi, mbele ya madereva kumi na wanne na mafundi wote wa gereji. Akasema, "Breki, weka funguo mezani, kuna habari kutoka kwenu." Kutoka kwenu. Kila mtu akageuka. Mtu niliyemfundisha mimi kurudisha trela nyuma ndiye aliyepanda gari langu na kuondoka nalo, na alipopita alinipungia mkono wa huruma.

Umenivua nguo hadharani. Miaka ishirini na saba nimejenga jina pale, wewe kwa ukurasa mmoja umelibomoa. Ungekuwa adui ningejua pa kukukwepa. Wewe umetoka tumbo moja na mimi, umekula kwenye sahani yangu, karo ya chuo chako nililipa mimi kwa safari za usiku, ukajifunza hayo macho ili uje kunichongea nayo. Baba ulimfanya kichekesho kaburini, na sasa ni zamu yangu. Nashangaa kama ukirudi nyumbani jioni unalala usingizi.

Meneja kanipeleka kwa daktari wao. Walichosema hakikuhusu. Nimesimamishwa. Nashinda nyumbani kama kiti.

Wifi yako naye nimejua ndiye aliyekupa maneno, na nimemwambia nilichomwambia. Amehamia chumba cha watoto.

Lenzi yako hiyo narudisha. Usinijibu.

Breki

*

18 Januari

Kaka,

Umesema nisijibu. Najibu.

Kurasa nne umeniandikia. Nimezisoma na kalamu mkononi, nikapiga mstari chini ya kila mtu uliyemtaja. Umemtaja meneja. Umewataja madereva kumi na wanne. Umemtaja uliyemfundisha kurudisha trela, baba, wifi, mimi, na hata kiti. Mtu uliyemgonga hujamtaja mahali popote.

Ana bega ambalo halikuwa limeteguka kabla yako. Ameandikwa polisi kwamba yeye ndiye mwenye kosa. Ulikuwa hujui mwezi Septemba, sawa, hilo nakupa. Lakini usiku ule uani, ulipobadilisha jicho mara sita, ulijua. Asubuhi yake uliamka, ukavaa buti, ukaondoka na tanki. Ukaenda safari tatu baada ya kujua. Nimehesabu, na wiki za sikukuu nimezitoa. Mimi nilale usingizi? Nakuuliza wewe ulilalaje.

Karo ulinilipia, ni kweli, na nitakushukuru mpaka nife. Hukuninunulia ukimya kwa karo ile.

Lenzi imefika. Nimekwenda nayo kwenye chama, nikaitia kwenye darubini yao. Ni nzima.

Sikuombi msamaha. Mrudishe wifi chumbani kwake, umwombe yeye.

Miwani

*

2 Machi

Mdogo wangu,

Wiki sita nimeianza barua hii na kuiacha. Kila nikianza najikuta nakutukana, na kila nikikutukana nafika kwenye ule mstari wako wa mtu ambaye sikumtaja, nasimama.

Nikuambie kwanza nilichosema hakikuhusu. Walinikalisha kwenye mashine, kidevu kwenye kikombe, jicho moja limefunikwa. Unatazama taa moja katikati, na kila ukiona kimulimuli pembeni unabonyeza kitufe. Nikakaa nikisubiri vimulimuli. Havikuja. Nikamwuliza msichana wa pale kama mashine imewashwa. Akasema, "Imeshaanza zamani, mzee." Nikaanza kubonyeza kwa kubahatisha, kama mwanafunzi aliyekuja kwenye mtihani bila kusoma. Akajua. Akasimamisha, akaanza upya, akaniambia kwa upole nibonyeze ninachoona tu. Daktari akanionyesha karatasi. Jicho la kulia limebaki na tundu katikati, pembeni kote kumepakwa wino. La kushoto limeanza kuliwa ukingoni. Kilichokwenda hakirudi. Ninatia matone asubuhi na jioni, na akasema nikiwa mtiifu la kushoto litabaki nami uzeeni. Ningekuja miaka mitatu mapema, alisema, tungekuwa tunazungumza mengine. Hiyo miaka mitatu ni tangu mazishi. Nilimwambia daktari kwamba nilikuwa na kazi nyingi.

Leseni ya magari makubwa wameichukua. Wamenipa meza uani, nagawa karatasi za safari kwa madereva. Sitaki kuzungumzia hilo.

Wifi yako nimemwomba msamaha. Amerudi chumbani, lakini bado hanijibu vizuri.

Sasa huyo mtu. Nilikwenda Jumamosi iliyopita. Nilipata anakoishi kutoka kwenye kiwanda cha mikate, ambako waliniambia hayupo tena kazini, alifukuzwa baada ya ile ripoti ya polisi, maana kiwanda hakitaki waendesha baiskeli wazembe. Anakaa chumba kimoja nyuma ya duka la rangi. Ni mtu mzima kama mimi. Nilikuwa namkumbuka kama kijana, sijui kwa nini, nadhani ilinifaa awe kijana. Mkewe alinipa kiti. Yeye hakukaa. Mkono wa kushoto unafika kifuani, haupandi zaidi.

Nikamwambia mimi ndiye dereva wa tanki. Akasema, "Najua. Uso wako nauona kila nikitaka kuvaa shati."

Nikamweleza yote. Darubini, Kilimia, mashine ya vimulimuli, matone. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akaniuliza, "Kwa hiyo hukuniona."

"Sikukuona."

"Nilikuwa pembeni yako, kulia, nami nikingoja kukata kulia, tangu kwenye taa za barabarani. Nilikuona umewasha kiashiria cha kulia, nikapiga kengele. Nikapiga hodi kwenye ubavu wa tanki kwa kiganja, nikikuambia nipo. Hukusikia pia?"

Nikamwambia nilikuwa nimewasha redio.

Mkewe akasema, "Miezi sita anaambiwa alikuwa amelewa. Hata mimi nilimwuliza kama alikuwa amekunywa." Akatoka nje.

Nilikuwa nimejiandaa kusema pole. Nilipofungua mdomo, akaniwahi. "Pole yako sina pa kuiweka. Uliwaambia polisi nimetokea ghafla. Nenda kawaambie nilikuwepo." Akafungua mlango, akaushikilia wazi mpaka nikatoka.

Jumatatu nikaenda kituoni. Afisa alikuwa yuleyule wa Septemba, tunafahamiana, hutia mafuta gari lake bohari kwetu. Nikamwambia nataka kubadilisha maelezo. Akafunga mlango. Akasema kesi ilishafungwa, ni bora nikae na ugonjwa wangu nyumbani, mtu mwenyewe amepona. Nikamwambia hajapona. Akauliza kama kuna mtu amenitisha. Nikamwambia ndiyo, dada yangu.

Alicheka. Mimi sikucheka, akaacha.

Akalitoa faili. Nikasoma nilichosema siku ile, kwa jicho la kushoto, kidole kikifuata mstari. Nilizungumza vizuri mno. Mtu anayesoma angemchukia yule mwenye baiskeli. Nikamwambia afisa aufute ukurasa huo. Akasema maelezo ya zamani hayafutwi, yanabaki kwenye faili, mapya yanawekwa juu yake. Basi nikaandika mapya. Niliandika kwamba sikumwona kwa sababu siwezi kuona upande huo, na kwamba nilipojua siwezi kuona niliendesha safari nyingine tatu. Hizo safari hakuniuliza. Ni wewe uliyezihesabu.

Faili limefunguliwa upya, na kesi itatajwa tarehe kumi na tisa, saa tatu asubuhi, mahakama ndogo iliyo jirani na posta. Wanasheria wa kampuni wamenikasirikia kuliko hata ulivyonikasirikia wewe. Sijui nitatoka na nini. Yule mtu amepeleka ujumbe kwamba atakuja, anataka niyaseme yeye akiwa anasikia. Wifi yako ameomba ruhusa shuleni.

Wewe sikulazimishi. Nikiikumbuka barua yako kwa meneja, na ile asubuhi uani, damu bado inanichemka, na sitakudanganya kwamba imepoa. Ungeweza kuja mwenyewe, ukanikalisha chini, ukanipiga hata kofi. Labda ningesikia. Labda nisingesikia.

Lakini kama utakuja, kaa kushoto kwangu. Kulia sitakuona.

Kaka yako